Kilo Zina Mwenyewe

Zipu haikumsubiri mtu.

Mtakumbuka, wapenzi, wiki jana tulimwacha Msusi katikati ya sebule ya mama yake, mkono mmoja umeshika glasi ya maji, wa pili ameunyoosha kama anayesimamisha basi, akipaza sauti: "Wifi, ngoja! Hilo usilifungue!" Tukamwacha na wifi yake, Mwalimu, mke wa kaka yake, amepiga magoti mbele ya sanduku la kijivu, uso umemchanua kwa furaha, zipu imeshafika nusu.

Basi zipu ikamaliza safari yake. Krrr, mpaka mwisho. Mfuniko ukaangukia nyuma, shingo zote zikarefuka.

Aliyekosa gazeti la wiki jana nitamsaidia kidogo, asije akamsumbua jirani. Msusi ametoka ughaibuni alikokuwa akisuka watu nywele. Kaka yake, Fundi, yuko mji huohuo, anatengeneza lifti. Siku moja kabla ya safari Fundi alimletea dada yake begi la kijani, ndani mna miwani mpya ya Mwalimu, kipimo cha presha cha Mama, na viatu vya shule vya binti yake. "Kaka, niachie," Msusi akamwambia. "Kilo zangu zote ni zako."

Asubuhi ya safari akapigiwa simu na dalali mmoja wanayemwita Mizani, kwa sababu ya ile mizani ya ndoano anayotembea nayo shingoni. Alikuwa na sanduku la mtu, na kazi ya Mizani ni kununua kilo za wasafiri na kuwauzia wenye mizigo. Saluni ya Msusi ilikuwa imefungwa miezi mingi. Hakutaka kurudi kwao amenyong'onyea. Akauza. Begi la kijani likabaki chini ya kitanda kule, na pesa ya kilo ndiyo hiyo aliyoivaa miguuni: viatu vyekundu vya kisigino kirefu, vinang'aa utadhani vina taa.

Tuendelee sasa.

Ndani ya sanduku hamkuwa na miwani. Hamkuwa na kipimo cha presha. Hamkuwa na kiatu, hata cha mguu mmoja.

Mwalimu alitoa kitu cha kwanza akakisogeza karibu na pua. Hana namna nyingine ya kuona, maana miwani yake ya zamani ina ufa kwenye kioo cha kushoto na kishikio chake kimoja kimefungwa kwa uzi. Kilikuwa kikofia cha sufu, saizi ya mtoto wa jana.

Akatoa cha pili. Chupa ya kunyonyeshea. Akatoa cha tatu, shali laini ya kumfunika mtoto. Chini yake vifurushi vya nguo za mtoto, na chini kabisa akakuta gauni la kike, jembamba kiunoni, la kupendeza kweli. Mwalimu ni mwanamke wa haja. Gauni lile lingemkwamia begani.

"Hongera, jamani!" alisema Mjomba Stempu, kaka yake Mama, aliyestaafu kazi ya posta na bado anazungumza kana kwamba kuna foleni mbele yake. "Nani mjamzito humu ndani?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba akakohoa, akajitia kutazama dari.

"Wifi," Mwalimu alisema polepole, "hivi vitu ni vya nani?"

Hapa, msomaji wangu, mtu mwenye akili zake angesema ukweli. Ulikuwa mlangoni kabisa mwa kinywa, unasubiri kufunguliwa tu. Lakini Msusi aliwatazama mama yake, mjomba wake, binti wa kaka yake, wote wamemtolea macho, akaona haya. Na mtu akishaona haya, ulimi wake hukimbilia uongo.

"Nadhani masanduku yamebadilishwa uwanjani."

"Nilijua!" Mjomba aliruka. "Wale watu wa ndege siwaamini hata kidogo! Kofia yangu iko wapi? Twende tukawashitaki leo leo!"

"Mjomba, kaa," alisema Mwalimu. Alikuwa ameshika mpini wa sanduku. "Jina lako hili hapa, wifi, limebandikwa. Na nilisimama na wewe pale uwanjani. Ulilinyooshea kidole mwenyewe, ukasema, lile pale la kijivu."

Msusi akalikodolea jina lile kana kwamba lingebadilika.

"Na hizi je?" Mwalimu aliinua nguo za mtoto, zimeviringishwa kwa kubana, kila kifurushi kimezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. "Mwanamume niliyeolewa naye ndiye anayefunga nguo hivi. Hata shati la harusi yetu alilifunga hivihivi. Nani mwingine anafunga nguo za mtoto mchanga kwa utepe wa umeme?"

"Kule kila mtu anautumia, wifi. Unauzwa kila mahali."

"Mume wangu amezaa nje?"

"Haki ya Mungu hapana!"

"Umeapa haraka mno."

Mama alijishika kifua akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha. "Jamani, kichwa kinanigonga," alisema. "Mwanangu, hicho kipimo changu kiko wapi? Kaka yako aliniambia umekibeba."

"Kinakuja, Mama."

"Kinakujaje? Kina miguu?"

Msusi akainywa glasi yote ya maji. Jasho lilimtoka kwenye makwapa na feni inazunguka juu ya kichwa chake.

Mwalimu akasimama. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya darasani, ile inayonyamazisha watoto bila kupanda. "Mwaka jana alikuja likizo. Wiki ya pili akasema ameitwa mji wa pili, hospitali wanataka kufungiwa lifti. Nikampigia pasi nguo, nikamfungia chakula cha njiani. Akakaa huko mpaka likizo ikaisha. Mimi nafundisha hesabu, wifi. Kutoka siku ile mpaka kikofia hiki, hesabu inakubali."

Akaingia chumbani. Mara kabati likasikika linafunguliwa, na hanga zinaanguka moja moja.

"Anafungasha," alinong'ona Mjomba.

"Nasikia anafungasha," alisema Mama. "Nimekuwa kiziwi?"

Msusi akatoka mbio kwa mlango wa jikoni, kisigino kimoja kikatumbukia kwenye ufa wa sakafu, akakichomoa, akajibanza nyuma ya tangi la maji na kupiga simu.

"Mpendwa!" Mizani aliitika kwa furaha ya mtu anayelipwa kwa furaha. "Umefika salama? Mzigo wangu nao haujambo?"

"Mizani, sanduku ni la nani?"

"Aa, hapo unavuka mpaka. Mbebaji hamjui mtumaji, mtumaji hamjui mbebaji. Sheria yangu hiyo, na ndiyo inayoniweka mjini."

"Watu wamelifungua."

"Umewaacha wakalifungua? Wewe mwanamke, unanimalizia jina!"

"Wanadhani kaka yangu ndiye aliyelituma. Ndoa ya watu inavunjika huku! Nitajie jina tu, niwaonyeshe kuwa siye yeye."

"Silitaji ng'o. Na hiyo sauti ya kilio acha. Umemwibia nani? Kampuni ya ndege inauza kiti kimoja kwa watu wawili, mmoja akikosa anaambiwa pole. Wewe umeuza nafasi uliyoilipia mwenyewe, unajificha kama kibaka. Inua kichwa, bwana."

Angeweza kuinua kichwa, kama si lile begi la kijani.

"Halafu jiandae," Mizani akaongeza. "Mpokeaji nimeshamwelekeza hapo kwenu. Yuko njiani."

"Anakuja hapa? Sasa hivi?"

"Si ndivyo tulivyokubaliana?" Akakata simu.

Ni kweli, walikubaliana. Katika mipango yake Msusi alikuwa atoke nje kimyakimya, akabidhi sanduku getini, na jioni awaambie wenzake kwa huzuni kwamba begi la Kaka limeachwa na ndege, litakuja na ya baadaye. Uongo wenyewe alikuwa ameufanyia mazoezi angani, mkanda amefunga. Hakujua kwamba kwao sanduku la msafiri halikai nusu saa kabla halijafunguliwa. Au alijua, akasahau, kwa kuwa siku hizi alikuwa amezoea kuishi na mlango uliofungwa.

"Shangazi."

Binti wa kaka yake alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni. Alivaa viatu vyake vya shule, amevikanyaga nyuma kama ndara, kwa sababu kisigino hakiingii tena.

"Viatu vyako vizuri," alisema mtoto.

"Asante, mama."

"Na vyangu vizuri. Baba alinionyesha kwenye simu. Vina gundi ya kubandika, hakuna kufunga kamba. Vimebaki wapi?"

"Vitakuja."

"Mama anasema tunaenda kukaa kwa bibi wa kule kwao. Vikija utanipelekea huko?"

Aibu ilimpanda Msusi kuanzia unyayoni. Haikuwa aibu ya kufumaniwa, maana mtoto yule hakujua lolote, hakumshuku kwa lolote. Alikuwa anamwamini. Angetukanwa matusi yote ya mtaani, yasingemchoma kama imani ile. Alitazama vidole vya mtoto vilivyojikunja ndani ya viatu vidogo, akatazama vyekundu vyake, akatamani tangi la maji lipasuke limzoe.

Akapiga moyo konde, akarudi ndani.

Sebuleni alimkuta Mwalimu na begi lake mkononi, na chini ya kwapa rundo la madaftari ya wanafunzi, kwa maana hata akimwacha mume, madaftari hawezi kuyaacha. Mjomba Stempu alikuwa ameweka mikono kwenye miimo ya mlango kuziba njia.

"Mkwe wetu, hutoki hapa bila kikao!"

"Mjomba, nipishe. Nakuheshimu, usinifanye nikusukume."

"Kaka hana kosa," alisema Msusi.

Wote wakageuka.

"Kaka hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi." Sauti ilitaka kumkatika, akaivuta kwa nguvu. "Hilo sanduku si lake. Wala si langu. Ni la mtu nisiyemjua. Nimeuza kilo zangu."

"Kilo gani?" aliuliza Mama. "Umekonda lini wewe?"

"Kilo za ndege, Mama. Kila abiria ana uzito wake anaoruhusiwa kubeba. Mimi wangu nimeuuza kwa dalali, nikapewa sanduku nilete. Hata ndani sikutazama. Begi la Kaka nililiacha. Liko chini ya kitanda changu kule. Lina kila kitu. Miwani, kipimo, viatu. Kila kitu."

Wa kwanza kusema alikuwa Mjomba, na masikini Mjomba alidhani anamsaidia.

"Sasa kosa liko wapi?" Alishusha mikono kutoka mlangoni. "Mimi naona hii ni biashara halali kabisa! Tiketi nani kalipa? Yeye. Kilo za nani? Zake. Ukipanga chumba, ukampangisha mwenzio kona, nani atakufunga? Watu wangapi wanapanda ndege na masanduku nusu tupu, kilo zinapotea bure hewani? Huyu mtoto ana akili! Ningekuwa mimi—"

"Kaka, nyamaza," alisema Mama.

"Nasema haki tu. Sisi posta—"

"Posta mlikuwa mnauza vifurushi vya watu, Mjomba?" aliuliza Mwalimu.

"La hasha! Mimi? Dirisha langu halikuwahi kupoteza hata bahasha!"

"Basi."

Mjomba akaachana na mlango. Akaenda kukaa.

Mwalimu aliweka madaftari juu ya meza, moja moja, kana kwamba anatafuta la mtu fulani. "Angekuwa na nafasi tupu, akauza, akala, mimi ningemwambia hongera, na kamba ya kufungia mzigo ningemshikia. Safari ni ghali, kila mtu anajua. Lakini nafasi ile haikuwa tupu. Miwani yangu ilikuwa imeshakaa ndani."

"Najua, wifi."

"Unajua wanafunzi wananiitaje? Mnusa Madaftari. Nikiinamisha uso kusahihisha, darasa zima linapumua kwa pua. Fwu, fwu, fwu. Nilikuambia mwenyewe kwenye simu, tukacheka wote wawili."

"Najua."

"Ulijua, ukauza."

"Nilijua, nikauza."

Kukiri kule kulimtoka Msusi kama jino, kwa maumivu, na kikabaki kishimo. Alitarajia angalau apate nafuu. Hakupata. Alibaki amesimama mbele ya watu wake na hana tena hata uongo wa kujifunikia.

Mama alikuwa anamtazama Msusi usoni. Sasa macho yake yakashuka, yakatua sakafuni.

"Na hivyo viatu?"

Msusi akavuta mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Nimekuuliza, mwanangu. Hivyo viatu vimetoka wapi?"

"Kwenye kilo, Mama."

"Vua."

"Mama..."

"Vua, nikuone unavyosimama na miguu yako mwenyewe. Niliyokuzaa nayo."

Akainama, akavua. Sakafu ilikuwa ya baridi. Chini ya soli kibandiko cha bei kilikuwa bado kipo, na Mjomba Stempu, kwa mazoea ya kazi, akaisoma kwa sauti kabla hajajizuia. Nambari ile ilizunguka sebule nzima. Msusi akavisukuma viatu ukutani kwa mguu mtupu, akatamani awe popote pengine, hata angani, hata chini ya kitanda na lile begi.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Mwalimu alicheka.

Kicheko kilianza kidogo puani, kikakua, mabega yakamtikisika, machozi nayo yakamfuata, akavua miwani yake ya uzi akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Kumbe ni hilo tu!" alisema. "Mungu wangu, kumbe ni hilo tu! Wifi, umenikosea, na nitakununia mpaka unikome. Chai yako utajipikia mwenyewe. Lakini umenirudishia mume wangu! Nilishamzika ndani ya dakika hizi chache. Nilishamtukana na ukoo wake wote, samahani Mama."

"Nimesikia," alisema Mama. "Chumba hicho hakina ukuta mnene."

Mwalimu akamkumbatia Msusi. Alinukia chaki na sabuni. Msusi alikumbatiwa mikono imening'inia, hana uso wa kuirudishia huruma ile. Laiti angepigwa kofi, angejua la kufanya nalo.

"Binti yangu, rudisha nguo zako kabatini," Mwalimu aliita, tayari ana simu mkononi. "Nampigia baba yako nimwombe radhi."

"Wifi, usimpigie!" Msusi alishtuka. "Niache nimweleze mwenyewe. Nitafute maneno kwanza."

"Wewe utamweleza yako. Mimi nina yangu." Akabonyeza spika, ili nyumba nzima isikie anavyotubu.

Simu ikaita. Fundi akapokea. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma.

"Mume wangu, nisamehe."

"Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Ni mimi nimekudhania vibaya. Begi lako halikufika. Dada yako aliuza kilo zake, atakueleza mwenyewe. Amekuja na sanduku la mtu, mimi nikalifungua nikijua ni letu, nikakuta vitu vya mtoto mchanga na gauni la kike. Basi na ujinga wangu nikajua umezaa nje! Nilishafungasha, mume wangu! Mjomba ndiye aliyenizuia mlangoni."

Mjomba akanyoosha kola.

Kule kwenye simu hakukuwa na kicheko. Hakukuwa na neno. Mashine tu.

"Umenisikia?"

"Sanduku la rangi gani?" aliuliza Fundi.

"La kijivu."

"Amepewa na nani?"

Mwalimu akamtazama Msusi. Msusi akasogea. "Kaka, nisamehe. Nimepewa na Mizani, yule dalali. Begi lako liko salama, naapa, nitamwomba mwenzangu—"

"Dada." Sauti ya Fundi ilikuwa imeshuka mpaka ikawa kama ya mtu mwingine. "Toa simu kwenye spika. Ongea na mimi peke yako."

"Anataka kukutukana faragha," alisema Mjomba. "Ni haki yake."

"Mume wangu ni mpole," alisema Mwalimu, akimkabidhi simu na kutabasamu. "Hata hasira anakasirikia pembeni. Nenda ukachambwe, wifi. Umejitakia."

Msusi akatoka na simu mpaka barazani, miguu mitupu, akauvuta mlango nyuma yake. Jua la mchana lilikuwa limeikaanga saruji, akawa anasimama kwa mguu mmoja mmoja. Kutoka dirisha la chumbani alimsikia Mwalimu anarudisha hanga kwenye kabati, anaimba.

"Kaka, nitukane," alisema. "Najua nimekosa. Nimekuaibisha mbele ya—"

"Dada, nisikilize. Huyo mtu wa sanduku ameshakuja kulichukua?"

"Bado. Mizani anasema yuko njiani."

"Mzuie. Mtoe hata mtaani, mpe sanduku barabarani, asifike nyumbani. Umenielewa? Asifike hapo."

"Kwani wewe unamjua?"

Mashine zikanguruma. Kaka yake alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi za jengo zima.

"Mimi nilijua kilo zako zimejaa begi la mke wangu," alisema. "Ndiyo maana la pili nikampa Mizani."

Neno lile lilimwingia Msusi polepole. Alisikia vipande vyake vikidondoka kimoja baada ya kingine, la mke wangu, la pili, Mizani, mpaka vikalala chini vyote na maana yake ikakaa juu yake. Begi la halali alilitupa chini ya kitanda. La siri akalibeba yeye, akalitambulisha kwa kidole pale uwanjani, akalileta mpaka sebuleni kwa Mama. Na sasa hivi, mbele ya watu, ameapa kwa Mungu.

"Kaka, umefanya nini?"

"Mzuie, dada. Nakuomba."

Geti dogo likalia.

Aliyeingia alikuwa msichana wa sare ya hospitali, mwembamba, amejifunga kitambaa begani, na ndani ya kitambaa mtoto mchanga kichwa wazi juani. Alitembea kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Hodi wenyewe," alisema. "Samahani, nimeelekezwa na Mizani, kuna sanduku langu—"

Akamtazama Msusi vizuri, miguu mitupu na simu sikioni, uso ukamchanua wote.

"Jamani! Si wewe? Nakujua kwenye picha zake! Ona alivyo msiri, hakuniambia kama mzigo kakupa wewe." Akakunja goti kwa adabu, mkono umeshika kichwa cha mtoto. "Shikamoo, wifi."

Msusi alifungua kinywa. Kwenye simu kaka yake alikuwa anaita, dada, dada. Mtoto akaamka akaanza kulia, kilio chembamba kilichopita moja kwa moja dirishani, na hanga zikanyamaza ndani.

"Wifi!" Mwalimu aliita kutoka chumbani, kwa sauti yake ile njema aliyorudishiwa muda mfupi uliopita. "Mbona unamsimamisha mgeni nje? Mkaribishe aingie bwana, jua linamchoma mtoto."